Bwawa Kubwa Halituondolei Haja ya Jirani

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia, upitie Kenya, uje kuhudumia mikoa ya Kaskazini. Maswali yakazuka nchi nzima. Si ndiyo kwanza tunawasha mashine za mwisho za Bwawa la Julius Nyerere? Si tuliambiwa kwamba megawati 2,115 za Rufiji zitatutosha na kubaki? Mwaka mmoja tu nyuma, Machi 2024, TANESCO ilizima mitambo katika vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulizidi mahitaji. Nchi iliyozima mitambo kwa wingi wa umeme inakwendaje kubisha hodi kwa jirani?

Swali hilo ni la haki, na ilikuwa vema likaulizwa kwa sauti. Ninachokipinga ni jibu ambalo wengi walijipa wenyewe, vijiweni na mitandaoni, na ambalo sasa limekuwa kama imani: kwamba nchi yenye mitambo ya kutosha haina sababu ya kununua umeme nje, na kwamba anayenunua amerubuniwa, au ana chake anachokula, au ameuza uhuru wa nchi. Wenye rai hiyo hukumbusha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ni nzuri, lakini hapa imepelekwa pasipo pake. Hakuna anayeuacha mbacha. Hoja iliyopo ni kama nchi inaweza kulala salama juu ya mbacha mmoja tu.

Tuanze na wingi wenyewe. Megawati 2,115 ni uwezo wa mashine tisa, kila moja megawati 235, zilizofungwa kwenye mto Rufiji. Haziko Moshi wala Babati. Umeme wa gridi hutumika papo hapo unapozalishwa, kwa hiyo mtu wa Arusha hanufaiki na kilichofuliwa Rufiji mpaka kimfikie. Kutoka bwawani hadi Chalinze kuna laini ya kisasa ya msongo wa kilovolti 400. Baada ya hapo, safari ya kwenda Kaskazini imetegemea kwa kiasi kikubwa laini za zamani, ikiwemo ile ya kilovolti 132 inayopita Hale kuelekea Kilimanjaro.

Tofauti ya 132 na 400 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo kiini cha jambo hili. Umeme unaopotea njiani hugeuka joto ndani ya waya, na joto hilo hukua kwa mraba wa mkondo. Ukisafirisha megawati zile zile kwa kilovolti 132 badala ya 400, mkondo unakuwa mara tatu, na kwa waya wa unene ule ule upotevu unakuwa mara tisa. Rais alitaja hasara ya takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa kuusafirisha umeme hadi Kaskazini. Mtu anaweza kuhoji hesabu iliyotumika kufikia kiasi hicho. Hawezi kuhoji chanzo chake, kwa kuwa hakikutungwa ofisini, kimo katika maumbile ya waya.

Hapa mpinzani makini huinua mkono: ikiwa tatizo ni umbali, Ethiopia si mbali zaidi? Ni mbali zaidi, naam. Laini inayotoka Wolayta Sodo, kusini mwa Ethiopia, hadi Suswa, nchini Kenya, ina urefu unaozidi kilomita 1,000. Pingamizi hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, na anayelikwepa hastahili kusikilizwa. Jibu lake liko katika aina ya umeme unaopita kwenye laini hiyo.

Umeme wa majumbani mwetu ni mkondo geu: huenda na kurudi, mizunguko 50 kila sekunde. Mwishoni mwa karne ya 19 mkondo geu ulishinda kwa sababu moja kubwa, nayo ni transfoma, kifaa kinachopandisha na kushusha msongo kwa urahisi, ambacho hakifanyi kazi kwa mpinzani wake, mkondo mnyoofu. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama. Katika laini ndefu mkondo geu husongamana pembezoni mwa waya na kuacha kiini chake kikiwa na kazi ndogo, na sehemu ya uwezo wa laini huishia kuujaza na kuuchaji waya wenyewe kila mzunguko. Ndani ya kebo ya baharini hali huwa mbaya zaidi, kiasi kwamba baada ya makumi machache ya kilomita kebo hujishughulisha zaidi na nafsi yake kuliko na mteja.

Mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, hauna maradhi hayo. Ulikuwa umewekwa kando kwa kukosa njia rahisi ya kuupandisha msongo, mpaka mwaka 1954 kampuni ya ASEA ya Sweden, kwa kazi iliyoongozwa na mhandisi Uno Lamm, ilipokiunganisha kisiwa cha Gotland na bara kwa kebo ya karibu kilomita 100 yenye uwezo wa megawati 20. Tangu hapo vifaa vya kuubadili mkondo geu kuwa mnyoofu, na mnyoofu kuwa geu, vimekua kutoka taa kubwa za zebaki hadi vitengo vya silikoni vinavyobeba maelfu ya megawati. Laini ya Sodo hadi Suswa ina msongo wa kilovolti 500 na uwezo wa megawati 2,000. Laini za namna hii hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila kilomita 1,000, na karibu asilimia 1 katika kila kituo cha kubadili mkondo. Safari nzima, kutoka nyanda za juu za Ethiopia hadi Bonde la Ufa, inaweza kugharimu kama asilimia 5 tu. Ndiyo maana kilomita elfu moja za laini ya namna hii zinaweza kuwa fupi, kwa hesabu ya mhandisi, kuliko kilomita mia chache za laini iliyochoka.

Kutoka Suswa umeme huenda Isinya, na kutoka Isinya kuna laini ya kilovolti 400 inayovuka mpaka wa Namanga na kupita Arusha na Babati hadi Singida, kilomita 507, iliyoanza kazi Desemba 2024. Laini hiyo ni ya mkondo geu, na kwa sababu nzuri. Vituo vya kubadili mkondo ni ghali mno, hivyo laini ya angani ya mkondo mnyoofu huanza kulipa ikizidi kilomita 600 hadi 800. Tena haigawi umeme njiani kwa urahisi, wakati Arusha na Babati zinahitaji kuchota. Kila aina imewekwa mahali pake. Anayetazama ramani hiyo kwa utulivu ataona kwamba Arusha iko karibu zaidi na Isinya kuliko na Rufiji. Mpaka wa nchi ulichorwa na wakoloni bila kuwaza waya, na mkondo wa umeme hauusomi.

Lakini umbali ni nusu ya hoja tu, tena nusu iliyo ndogo. Nusu kubwa ni wakati.

Rudi kwenye Machi 2024, mwezi ule TANESCO ilipozima mitambo. Mwezi huo huo, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini-magharibi, Zambia ilianza mgao wa saa nane kwa siku. Ukame uliofuatana na El Niño ulikuwa umelikausha ziwa Kariba, na nchi hiyo hutegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake. Kabla mwaka haujaisha, zipo familia za Zambia zilizokaa gizani kwa sehemu kubwa ya siku. El Niño ile ile iliyowanyima Wazambia mvua ndiyo iliyotumwagia sisi, hadi Rufiji ikafurika Aprili. Majirani wawili, mmoja anazima mashine kwa wingi, mwingine anazima taa kwa uhaba, na kati ya gridi zao hakuna laini kubwa ya kupitisha hata megawati mia moja. Maji yetu yalipita bila kumwashia mtu taa na bila kutuingizia shilingi. Ikiwa kuna aibu katika historia ya umeme wa ukanda huu, kwangu mimi aibu ni hiyo.

Mwaka mwingine zamu itageuka. Wenye umri wa kukumbuka wanaijua migao ya 2006 na 2011, bwawa la Mtera lilipokauka na viwanda vikahesabu saa za kufanya kazi. Bwawa la Nyerere ni kubwa mara nyingi kuliko Mtera, lakini nalo linakunywa mvua ile ile ya nyanda zetu, inayonyesha kati ya Novemba na Mei. Mvua kubwa ya nyanda za juu za Ethiopia hunyesha kati ya Juni na Septemba. Rufiji inapopungua, mabwawa ya Ethiopia yanajaa. Kuna pia jotoardhi ya Olkaria, nchini Kenya, isiyojali mvua wala kiangazi, na ambayo usiku Kenya huwa na mahitaji madogo ya kuitumia. Mwenyezi Mungu ameugawia ukanda huu majira tofauti. Kukataa kuyaunganisha ni kukataa bima ambayo tayari imelipiwa na hali ya hewa.

Nijibu sasa hofu ya uhuru, ambayo naiheshimu kwa sababu inatoka kwa watu wanaoipenda nchi. Wanasema: jirani akiweza kukuzimia taa, hujitawali. Tuitazame Texas, jimbo linalozalisha umeme mwingi kuliko jimbo lolote la Marekani, lenye gesi na upepo wa kusaza. Kwa miongo mingi viongozi wake waliiweka sehemu kubwa ya gridi yao mbali na gridi za majimbo mengine, ili serikali kuu isiwe na mamlaka juu yake. Yalibaki maunganisho machache madogo ya mkondo mnyoofu. Februari 2021 baridi kali ilipogandisha visima vya gesi na mitambo, zaidi ya wateja milioni 4.5 walikosa umeme, na msaada wa majirani haukuwa na njia ya kutosha ya kupita. Hesabu rasmi ya jimbo ilitaja vifo 246. Mji wa El Paso, ulio ndani ya Texas lakini umeungwa na gridi ya magharibi, kwa sehemu kubwa uliendelea kuwaka. Baridi ilikuwa moja. Lawama kuu ni ya mitambo ambayo haikukingwa na baridi, lakini kujitenga kuliifanya ajali kuwa msiba.

Japani nayo imegawanyika: mashariki hezi 50, magharibi hezi 60. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, Tokyo iliingia kwenye mgao ilhali magharibi kulikuwa na mitambo yenye nafasi, kwa kuwa vituo vya kubadili mkondo kati ya pande hizo viliweza kupitisha takriban gigawati moja tu. Hilo ni taifa moja, serikali moja, na bado waya mwembamba uliwashinda.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Mkoa wa Kagera umewashiwa taa kwa umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na Sumbawanga kwa umeme wa Zambia. Kenya imenunua umeme wa Jinja, Uganda, tangu miaka ya 1950. Huko Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana kwa usawa megawati 80 za mto Kagera. Sijasikia kwamba Bukoba ilipoteza utanzania wake.

Funzo zito zaidi liko Zanzibar. Unguja imeungwa na bara kwa kebo ya baharini tangu 1980. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mzima, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, samaki walioza, wenye uwezo walinunua majenereta na wasio nao walivumilia. Mtu angeweza kusema: mnaona hasara ya kutegemea kebo? Wazanzibari wenyewe hawakusema hivyo. Mwaka 2010 Pemba iliungwa na Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata kebo ya pili, ya megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Walielewa kwamba kosa lilikuwa kuwa na njia moja, na dawa yake ilikuwa njia ya pili.

Huo ndio msimamo wangu wote kwa kifupi. Uhuru wa nishati haupimwi kwa ukubwa wa bwawa unalomiliki. Unapimwa kwa idadi ya njia zinazobaki moja inapokatika.

Mkondo mnyoofu unaongeza ulinzi ambao wengi hawaujui. Gridi za mkondo geu zikiunganishwa huwa mwili mmoja: lazima zidunde pamoja, na mtikisiko wa moja hufika kwa nyingine bila kuomba ruhusa. Laini ya mkondo mnyoofu ni kama koki. Waendeshaji huamua ni megawati ngapi zipite, na upande upi, na hitilafu ya gridi moja haimwagiki tu kwenye nyingine. Ethiopia na Kenya zinauziana umeme bila gridi zao kulazimika kwenda mwendo mmoja. Anayeogopa kuburuzwa na jirani angepaswa kuupenda mkondo huu kuliko wote.

Hata hivyo, sitaki kumaliza kama muuza dawa asiyetaja madhara. Septemba 6, 2024, saa tatu kasoro asubuhi, huko Kenya, laini inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilijizima ikiwa imebeba megawati 288. Muda mfupi baadaye laini ya Ethiopia ikajizima na megawati zake 200. Kwa pamoja ilikuwa zaidi ya robo ya mahitaji ya Kenya, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Koki ikifungwa ghafla, wenye kiu wanaona. Kanuni ni kwamba chanzo chochote kimoja kisizidi kile ambacho akiba ya haraka inaweza kukifidia. Kwa kipimo hicho mpango wetu ni wa kiasi: megawati 100 zinazozungumzwa hazifiki nusu ya mashine moja ya Rufiji. Mashine moja ya bwawa ikijizima, gridi yetu hupata pigo kubwa kuliko ambalo Ethiopia ingeweza kutupa.

Kuna vita pia. Laini ya mkondo mnyoofu kutoka Cahora Bassa, Msumbiji, hadi Afrika Kusini, kilomita 1,420, ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaangusha nguzo zake na kuinyamazisha kwa miaka mingi. Ethiopia nayo imepita kwenye vita. Mkataba wa amani wa Tigray ulitiwa saini Novemba 2022, mwezi ule ule Kenya ilipoanza kupokea umeme wake. Mnunuzi asiyeyaweka haya kwenye mkataba ni mzembe.

Na kuna haki ya watu walio chini ya nyaya. Tangu 1982 laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, imepeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga ikipita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Wafugaji wa Marsabit na Samburu wanaiona laini ya Ethiopia ikivuka malisho yao namna hiyo hiyo. Sababu ya kiufundi ipo, kwa kuwa kuchota katikati ya laini hiyo kunahitaji kituo kizima cha kubadili mkondo. Sababu hiyo haimwondolei mtu haki yake. Sehemu ya ada ya kupitisha umeme itengwe kisheria kuvijengea vijiji hivyo laini za kawaida au mitambo ya jua, na kwa laini zijazo itengwe kabla ya nguzo ya kwanza, kwa kuwa ahadi zinazosubiri mradi umalizike huwa hazirudi.

Muuzaji naye ajihadhari. Norway ilifungua kebo mbili mwaka 2021, moja ya Ujerumani na moja ya Uingereza, kila moja megawati 1,400. Bei za kusini mwa nchi zilipopanda, serikali ililazimika kulipia sehemu ya bili za kaya, na hasira ya wananchi haijaisha. Siku tutakapouza umeme wa Rufiji, na lazima tuuze, mwenye LUKU wa Mbagala asije akalipa bei ya soko la ng'ambo.

Basi hasira ile ya Machi 2025 isipotee bure, ielekezwe panapostahili. Idai mkataba wa umeme wa Ethiopia uwekwe wazi: bei, muda, adhabu ya kushindwa kuleta, na kama tutalipia hata tusichotumia. Kenya ilijifunga kwa miaka 25 kwa bei iliyotangazwa ya senti 6.5 za dola kwa kilowati-saa. Mtanzania ana haki ya kujua tarakimu zake. Idai laini ya kilovolti 400 kutoka Chalinze kwenda Dodoma ikamilike, ili umeme wa Rufiji upate njia pana ya kuelekea Singida na Kaskazini. Idai muunganisho na Zambia umalizike kabla ya El Niño nyingine. Na katika kila mkataba wa kununua, idai haki ya kuuza kupitia laini ile ile, kwa kuwa waya unaoleta ndio unaopeleka. Tumejenga bwawa kubwa la kutosha kuwa wauzaji wa ukanda huu, na hakuna muuzaji duniani aliyefanikiwa kwa kukataa kujenga njia ya kuwafikia wateja wake.